Pombe ya Karamu Isiyokuwapo

Katika milima yote ya Mokhotlong, hapa Lesotho, hakuna mwanamke anayejua kutunza siri kama mimi. Ndiyo maana siri yangu mnaisoma gazetini kila Jumamosi.

Basi tuendelee kuitunza.

Kwa aliyekuwa msibani wiki iliyopita, au aliyefungiwa maandazi kwa gazeti hili kabla hajalisoma, namkumbusha kwa kifupi. Mjukuu wangu Nthati, niliyemlea tangu ananyonya, alirudi kutoka viwanda vya nguo vya Maseru akiwa na mwenzake, Seipati. Nikawapa ile nyumba yangu ya mawe ya upande wa juu. Wakapaka chokaa, wakatundika pazia, wakaweka kitanda kimoja, na aliyeuliza walimjibu.

Mwanangu Pitso, baba yake Nthati, ni mzee wa kanisa. Hakuniuliza mimi wala mtoto wake. Alikwenda moja kwa moja kwa chifu pamoja na Mchungaji Hlalele, akaomba wasichana hao waondolewe kijijini kwa sababu wameleta uchafu wa kigeni.

Pitso kwa lugha yetu maana yake ni mkutano wa hadhara. Jina nilimpa mwenyewe. Nisimlaumu mtu.

Chifu wetu ni mwanamke, anashika kiti cha marehemu mumewe, na hana papara. Nikamwambia jambo hili si geni hata kidogo. Mimi mwenyewe nilikuwa na motsoalle wangu, 'Maphoka wa ng'ambo ya kijito. Tulifanyiwa karamu mchana kweupe mwaka ule wa kabla ya uhuru, na aliyechinja kondoo ni mume wangu.

Chifu akanitazama. "Mama 'Mapitso, kama ni mila yetu, siwezi kumfukuza mtu kwa kufuata mila yetu. Lakini barazani shahidi mmoja hatoshi. Na shahidi huyo akiwa wewe, hatoshi hata nusu."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Kisha nikaona kwamba kicheko hicho ndicho kitakachomtoa mjukuu wangu nyumbani kwake, nikafunga mdomo.

Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa, motsoalle. Kwenye kamusi ni rafiki. Kwa Kiswahili neno lililo karibu nalo ni shoga, lile la zamani, walilokuwa wakiitana wanawake wakipelekeana vyungu na siri, kabla halijatiwa matope. Letu nalo limetiwa matope, ila lina bahati ya kuwa na maana mbili. Kanisani tunaimba kwamba Yesu ndiye motsoalle wetu. Ukiwatazama bibi vizee wa safu ya nyuma utaona mabega yanatikisika. Mchungaji anadhani ni Roho.

'Maphoka alinichagua wakati wa kupura mtama, sote wawili tukiwa tumeshaolewa. Alinibusu mdomoni mbele ya wanawake wenzetu, akasema, "Wangu ni huyu." Basi. Ilikuwa hivyo tu. Nikaenda nyumbani nikamwambia mume wangu, Lefa, kwamba nimepata motsoalle na inatakiwa karamu. Lefa akauliza, "Nimchinje kondoo yupi?"

Hakuuliza jingine. Leo mnakwenda kwa chifu.

Nilipotoka kwa chifu na lile neno la nusu shahidi, sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja, nikarudi nikaufagia tena, nikaanza kuchambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

"Nkhono, keti chini," Nthati aliniambia. Nkhono ni bibi. "Unatutia kizunguzungu."

"Nikiketi nitafikiri."

Seipati alikuwa anamenya viazi. Ni msichana wa maneno machache, lakini alisoma mpaka sekondari, basi hayo machache ameyachagua. "Sheria iko upande wetu, Nkhono," akasema. "Ile ya kuwafunga wanaume waliolala pamoja iliondolewa walipoandika upya sheria za makosa."

"Na ya wanawake waliiondoa lini?"

"Ya wanawake haikuwapo. Hatukutajwa popote."

Nikaacha maharage. "Yaani wazungu walikuja na mabuku yote yale, wakakaa hapa miaka yote ile, wasitukumbuke hata kwa jela?"

"Waliona pasipo mwanaume hakuna linaloweza kutendeka."

"Hata mama yangu aliamini hivyo hivyo," nikasema. "Na sisi hatukumsahihisha."

Walicheka mpaka kiazi kikadondoka. Nthati ndiye aliyeacha kwanza.

"Chifu akisema tuondoke, hiyo sheria itapanda mlima huu kwa miguu gani?" akasema. "Mimi sirudi Maseru, Nkhono. Nimechoka kulala chumba chenye mlango wa mtu mwingine. Nilitaka kukaa hapa, kwetu. Ni hilo tu nilitaka."

Nikavaa blanketi langu.

"Unakwenda kwa Mama 'Maphoka?"

"Nakwenda kuomba chumvi."

"Chumvi ipo."

"Basi nakwenda kumrudishia."

Zamani nyumba ya 'Maphoka ulikuwa huulizi njia. Unatazama juu: mti mrefu umesimikwa uwanjani, kitambaa cheupe kinapepea, ishara kwamba leo pombe imeiva. Wanaume walishuka na farasi kutoka vijiji ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Siku hizi mti haupo. Mchungaji Hlalele alihubiri kwamba pombe ni mkojo wa shetani. 'Maphoka akaokoka, akachaguliwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, akavishwa koti jekundu lenye kola nyeupe na pini ya shaba.

Chungu chake kikubwa nilikikuta nyuma ya nyumba kimelazwa ubavu. Kuku ametagia ndani.

"Hodi."

"Nani?"

"Polisi."

"Polisi hawana kikohozi cha namna hiyo. Ingia, Selloane."

Selloane ni jina langu la usichana. Duniani amebaki mtu mmoja tu anayeniita hivyo. Kwa wengine wote mimi ni 'Mapitso, mama yake Pitso, kana kwamba nilizaliwa siku niliyomzaa yeye.

Alinimiminia uji mchachu wa mtama, akaketi kando ya moto, mguu wake mbovu ameunyoosha kama mtu anayetaka kumtega mgeni.

"Umemfanya kuku malkia," nikamwambia. "Analala kwenye chungu kilichonywesha wilaya."

"Usinianze."

"Naona uchungu tu. Watoto wa siku hizi wanadhani mpishi hodari wa pombe alikuwa 'Mathibello."

Kata ya uji ilisimama hewani. "'Mathibello? Mungu amrehemu huko aliko, lakini yule alikuwa anatia hamira ya dukani. Hamira, Selloane! Kimea hakijui, akikianika kinaota ukungu. Nani kasema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Wewe umeokoka, yanakuhusu nini?"

"Hayanihusu," akasema, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nikaweka bakuli chini. "'Maphoka."

"Najua ulichokuja nacho. Pitso alishapita hapa na Mchungaji."

"Wakakuambia nini?"

"Nikumbuke mimi ni nani."

"Na wewe ni nani?"

Nje kuku alilia, amemaliza kutaga.

"Mimi ni kizee mwenye mguu mbovu," akasema. "Mume alishakufa. Watoto wamekwenda Afrika Kusini, hata Krismasi hawarudi. Wale akina mama ndio wanaonichotea maji. Nikilala sakafuni asubuhi siwezi kuinuka, ndio wanaoniinua. Nikifa ndio watakaoniimbia. Wakinivua lile koti, nani ataniimbia? Wewe na sauti yako ya mbuzi?"

"Nitajifunza."

"Unajifunza tangu tuna meno."

Tulicheka, na kicheko kikatuchukua mahali ambapo sikupanga kwenda. Nikamshika mkono. Akauacha utulie kidogo, kisha akautoa, eti anaongeza kuni.

"Nthati atafukuzwa," nikasema. "Alijifunza kutembea kwenye uwanja huu huu, ameshika sketi yako."

"Najua alishika sketi ya nani."

"Basi njoo useme."

"Nitakuja barazani."

"Utasema?"

"Nimesema nitakuja. Maliza uji, unapoa."

Nilirudi nyumbani nusu nacheza. Nthati alinipokea getini.

"Amekubali?"

"Amesema atakuja."

"Hiyo siyo ndiyo, Nkhono."

"Wewe humjui."

Mimi nilimjua. Ndiyo maana nilikwenda kuufagia uwanja.

Siku ya baraza theluji ilikuwa imeshika vilele vyote, na upepo ulikuwa unauma masikio ya farasi. Tulikaa katika uwanja wa chifu, kila mtu amejifunga blanketi mpaka kidevuni. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na kwenye benchi refu la ukutani wale wazee waliostaafu migodini, wamepangana kama chupa tupu.

Nilikuwa natazama njia. Nthati na Seipati walikaa nyuma yangu, wamejifunika blanketi moja. Mtu akapiga mluzi. Nikageuka nikamtazama mpigaji, naye akaanza kutafuta kitu chini ambacho hakikudondoka.

"Haji," Nthati akanong'ona.

"Anakuja. Mguu wake mbovu."

Na kweli akaja.

Akaja ndani ya koti jekundu, kola nyeupe imepigwa pasi, pini inang'aa, ameshikwa mkono huku na Mchungaji Hlalele, huku na mwanangu Pitso, kama bibi harusi. Hakunitazama. Wakampa kiti upande wao.

Nikaacha kutazama njia.

Mchungaji Hlalele alisimama. Ni kijana msafi, amekulia mjini Bloemfontein, viatu vyake havijui kinyesi cha kondoo. Sauti anayo.

"Chifu, wazee, akina mama. Haya mapenzi ya jinsia moja hayakuwa ya mababu zetu. Yaliletwa na wazungu."

"Na suruali pia waliileta wao, Mchungaji," mzee Ratlali akasema kutoka benchini. "Mbona umeivaa?"

Watu wakaangua kicheko. Chifu akagonga fimbo yake chini.

Mchungaji hakutetereka. "Nasema tena. Mwanaume wa Lesotho, awe amelima, awe amechunga, awe amekwenda migodini, hajawahi kuyajua mambo haya!"

Benchi zima la wachimba migodi likashikwa na kikohozi.

Walikohoa kwa pamoja, wakapigana migongo, wakatema mate pembeni. Mmoja alilazimika kusimama.

"Vumbi la mgodi," mzee Ratlali akamwelezea Mchungaji kwa upole. "Haliishi kifuani."

Lefa wangu naye alikaa migodini miaka mingi. Alirudi na masanduku yenye kufuli, na jina moja alilokuwa analitaja usingizini, jina la kijana. Sikumuuliza. Naye hakuniuliza kwa nini nikirudi kwa 'Maphoka nanukia moshi wa kwake. Tulikuwa na ndoa ya raha sana.

Pitso akasimama kwa zamu yake. Alizungumza kuhusu aibu. Alisema hawezi kwenda dukani. Alisema Nthati alikuwa mtoto mzuri.

"Bado nipo, baba," Nthati akasema. "Mimi ni yule yule."

Pitso alifungua mdomo, macho yakamtoka maji, akaketi. Hapo nikamwonea huruma, maana nilimzaa mimi, na najua akiwa anaogopa anavyopandisha mabega.

"Mama 'Mapitso anadai ni mila," chifu akasema. "Anadai kulikuwa na karamu, yeye na Mama 'Maphoka. Mama 'Maphoka, umekuja. Motsoalle ni nini?"

'Maphoka alisimama taratibu, ameegemea kiti.

"Ni rafiki, Chifu."

"Rafiki wa namna gani?"

"Rafiki. Wa kusaidiana kupalilia. Wa kuombeana."

"Na karamu?"

Upepo ulivuma. 'Maphoka alitazama kilele cha mlima kilichokuwa nyuma ya kichwa cha chifu, akazungumza na mlima.

"Hakukuwa na karamu. 'Mapitso anapenda mizaha, mnamjua. Karamu haikuwapo."

'Mapitso. Aliniita 'Mapitso.

Akina mama wa makoti mekundu wakaitikia "Amina". Mchungaji akakunja mikono. Nyuma yangu Seipati alimwambia Nthati kwa sauti ndogo, "Tutafungasha kesho, tusimtese zaidi." Nilisikia pia blanketi likivutwa, mtu akijifunika uso.

"Mama 'Mapitso," chifu akasema, "una la kumuuliza shahidi?"

Nilisimama.

Ningeweza kumlilia. Ningeweza kumuapiza. Lakini nilikumbuka ile kata iliyosimama hewani, na yule marehemu mwenye hamira yake. Nikajua kamba iko wapi, nikajua pia imefungwa kwenye lile koti jekundu. Moyo uliniambia usiivute. Mkono ukavuta.

"Sina swali, Chifu," nikasema. "Nataka kuomba radhi tu. Mama 'Maphoka ni mtu wa Mungu, hawezi kusema uongo. Basi nimezeeka, niliota. Uniruhusu niisimulie hiyo ndoto, kisha nikae."

"Iwe fupi."

"Ni fupi, na tena ni ya aibu. Katika ndoto kulikuwa na kondoo, lakini alikuwa amekonda, mbavu unazihesabu."

'Maphoka aliendelea kutazama mlima.

"Mume wa 'Maphoka alikuja mikono mitupu."

Kidole gumba chake kilianza kusugua mgongo wa kiti. Marehemu mumewe alileta mbuzi wawili na gunia la unga, kila mtu wa rika letu alijua. Shida ni kwamba rika letu liko makaburini au ndani ya makoti mekundu.

"Nguo aliyovaa mwenzangu ilikuwa ya kuazima, imepasuka kwapani."

Alikaza midomo. Sikio lake la kushoto likawa jekundu kushinda koti. Lakini akanyamaza. Mungu anisamehe, nilimpenda kwa kunyamaza kule. Alikuwa na nguvu za kushikilia uongo kama alivyokuwa na nguvu za kubeba chungu.

"Ila hayo yote yanasameheka," nikasema. "Kisichosameheka ni pombe."

Kidole gumba kikasimama.

"Mwenzangu ndiye aliyeipika. Sasa nafikiri hakuwa amezoea. Kimea kiliota ukungu. Pombe ikatoka nyepesi, mtu akiinamia kibuyu anajiona uso na mvi zake."

Benchi la wachimba migodi liligugumia kwa masikitiko. Hao ndio watu wanaojua huzuni ya kweli.

"Mama 'Mapitso," Mchungaji akasema, "mbele ya baraza tunazungumza habari za pombe?"

"Ni ndoto, Mchungaji, hainyweki. Basi wageni wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wanacheka njia nzima. Mume wangu akaona aibu itamuua. Akatandika farasi." Nikavuta pumzi. Nilimtazama 'Maphoka, naye kwa mara ya kwanza siku ile akanitazama, na macho yake yakaniomba nisiseme. Nikasema. "Akaenda kuokoa karamu. Akaenda kuazima pombe kwa 'Mathibello."

"Kwa nani?"

Haikuwa sauti ya mwenyekiti wa akina mama. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa mti mrefu na kitambaa cheupe, iliyokuwa inanyamazisha walevi kutoka ng'ambo ya bonde.

"Kwa 'Mathibello," nikarudia. "Yake ilikuwa tamu."

"Tamu! Kwa hamira! Mwongo mkubwa wewe, Selloane! Pombe yangu ilinywewa mpaka mumeo akalala zizini amekumbatia ngozi ya kondoo! Kondoo mwenyewe mnene hata kisu kilikuwa kinateleza! Huyo 'Mathibello wako alikuja kwenye karamu yetu na kibuyu kitupu, akaondoka nacho kimejaa, na bado akarudi kukikwangua chungu! Akakikwangua kwa mkono! Nilimwona! Wewe nawe ulimwona, ulikuwa umekaa mapajani mwangu unacheka!"

Kisha akajisikia.

Niliona neno linavyorudi kumkuta. Mdomo ulibaki wazi, mkono mmoja bado uko juu unaonyesha jinsi 'Mathibello alivyokwangua.

Hakuna aliyekohoa. Akina mama wa makoti mekundu walikuwa wanatazama viatu vyao, isipokuwa mmoja, mzee kuliko wote, ambaye mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mama Mwenyekiti," Mchungaji Hlalele akasema polepole, "umesema nini?"

"Mwache, Mchungaji," chifu akasema. "Nimesikia mimi." Akalaza fimbo yake magotini. "Mama 'Maphoka. Karamu yenu ipi?"

Nyuma yangu Nthati alinishika blanketi kwa mikono yote miwili. Ningepaswa kucheka. Maisha yangu yote nimekuwa nikisubiri kumshinda 'Maphoka mbele ya watu, na kicheko nilikuwa nimekiandaa tayari, lakini nilipokitafuta sikukiona.

Kwa sababu hakumtazama chifu, wala Mchungaji, wala Pitso wangu aliyekuwa ameshika kichwa. Alinitazama mimi, kama mtu aliyevuliwa blanketi kwenye theluji na yule yule aliyemfunika.

Mkono wake uliokuwa juu ulishuka. Ulikwenda shingoni, kwenye ile kola nyeupe, ukaishika pini ya shaba.

Nilisogea nione vizuri. Macho yangu mabovu, sikuweza kujua kama anaifungua au anaikaza.

"Karamu ipi, Mama?" chifu akauliza tena.